Jumba la Ponca City na Wapangaji Wake

Mwaka 1941, mzee mmoja wa jimbo la Oklahoma, Marekani, alitia sahihi karatasi za kuuza nyumba yake. Nyumba ile ilikuwa imemgharimu dola milioni 5 na nusu. Aliiuza kwa dola 66,000. Ukipiga hesabu, ndugu msomaji, utaona kwamba kwa kila dola aliyoitia katika ujenzi alirudishiwa senti moja na kitu kidogo. Mwaka huo huo, tarehe 3 Oktoba, akafa.

Jina lake lilikuwa Ernest Whitworth Marland. Walionunua nyumba hawakuwa matajiri wengine wa mafuta wala mabenki. Walikuwa watawa, Wakarmeli Peku, wa shirika lililofanyiwa matengenezo huko Hispania katika karne ya 16 na Teresa wa Avila pamoja na Yohane wa Msalaba. Waliitwa peku kwa sababu waliacha viatu vya watu wa heshima na kuvaa ndara kama mafukara. Watu walioapa kutokuwa na mali wakaingia kulala chini ya dari zilizopakwa dhahabu.

Tumeichagua historia ya nyumba hii kwa sababu wengi wetu tunapozungumza habari za mali kanisani huwa tuna hubiri moja tu tayari mkononi. Tunalijua lile la tajiri aliyekusudia kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku uleule roho yake inatakiwa. Ni neno la Bwana wetu mwenyewe, wala hatutaki kulipunguza makali. Lakini Marland si tajiri yule. Ukimvika joho lile halimkai vizuri, na sisi tunadhani mahali pale joho linapokataa kumkaa ndipo penye jambo la kutusumbua.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1874, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan, akahitimu angali kijana wa miaka 19. Sheria haikumshika. Kilichomshika ni mawe. Alijifunza kusoma tabaka za miamba, kujua ni wapi ardhi imejikunja kwa namna inayoweza kufungia mafuta chini yake. Watafutaji wengi wa mafuta wakati ule walichimba kwa kubahatisha, au kwa ndoto, au kwa kumfuata jirani aliyebahatika. Marland aliamini elimu ya miamba wakati wengine waliicheka. Akapata utajiri wake wa kwanza huko West Virginia, na misukosuko ya fedha ya mwaka 1907 ikaufuta wote.

Mwaka 1908 akafika Oklahoma akiwa hana kitu ila elimu yake na suti nzuri. Alifikia katika ranchi kubwa ya ndugu wa ukoo wa Miller, iliyoitwa 101, karibu na mji mdogo wa Ponca City. Huko akaonyeshwa kilima. Juu ya kilima kile Waponca walikuwa wameweka wafu wao. Marland alipokitazama aliona kitu kingine: namna mwamba ulivyojitokeza juu ya ardhi ilimwambia kwamba chini yake huenda kuna mafuta.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana tukipita haraka hatutaielewa nyumba.

Waponca hawakuwa wenyeji wa mahali pale. Kwao kulikuwa kaskazini, kando ya mto Niobrara, katika nchi ambayo leo ni Nebraska. Mwaka 1877 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu, wakiwa chini ya ulinzi wa askari, mpaka nchi ya kusini ambayo hawakuichagua. Wengi walikufa njiani, na wengi zaidi walikufa walipofika, kwa malaria na kwa njaa, kwa kuwa walifika wakiwa wamechelewa kupanda na hapakuwa na maandalizi yoyote kwa ajili yao. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo kijana, mwana wa chifu Standing Bear. Kabla ya kufa alimwomba baba yake amzike katika nchi ya baba zao. Mwezi Januari 1879, katikati ya baridi kali, Standing Bear akaichukua mifupa ya mwanawe na watu wapatao 30, akaanza safari ya kurudi Niobrara.

Sisi tusomao Biblia tunaijua safari ya namna hii. Yusufu aliwaapisha ndugu zake kwamba wasiiache mifupa yake Misri, na Musa akaichukua siku ya kutoka, pamoja na haraka yote ya usiku ule. Na kabla ya Yusufu, babu yake mkuu Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, hakumiliki hata hatua moja ya nchi ile mpaka siku aliyohitaji mahali pa kumzika Sara. Akaenda kwa Wahiti, akainama mbele yao, akapima shekeli 400 za fedha kwa ajili ya pango. Sehemu ya kwanza ya nchi ya ahadi ilikuwa kaburi, tena lililolipiwa bei kamili mbele ya mashahidi.

Standing Bear alikamatwa kabla hajafika. Kesi yake ikasikilizwa Omaha mwaka huo huo, na jaji Elmer Dundy akaamua kwamba Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wakati ule, ni mtu mbele ya sheria ya Marekani. Ndiyo, ilihitajika mahakama kuamua jambo hilo. Standing Bear akaachiliwa, akamzika mwanawe kwao. Lakini sehemu kubwa ya Waponca, pamoja na chifu wao White Eagle, walibaki Oklahoma, na wale waliokufa huko waliwekwa juu ya kile kilima.

Kwa hiyo Marland alipoomba kuchimba karibu na kilima, aliwaomba watu ambao wenzao walikuwa wamevuka nyika wakati wa theluji kwa sababu ya kaburi moja. Mmoja wa ndugu wa Miller alimsaidia kuzungumza na White Eagle. Inasimuliwa kwamba mzee yule alikubali kwa shingo upande, akionya kwamba jambo lile halitaleta heri, si kwa watu wake wala kwa Marland. Kama maneno yenyewe yalikuwa hayo, au yaliongezwa baadaye na watu waliokwisha kuona mwisho wa habari, hatuna haja ya kubishana. Mkataba ulifanyika. Visima kadhaa vikatoka bure. Kisha mwaka 1911, katika shamba alilogawiwa Mponca aitwaye Willie Cries-for-War, mafuta yakaruka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Marland alipata mafuta upande huu na upande ule, na mwaka 1920 akagundua eneo kubwa la Burbank katika nchi ya Waosage, jirani na Ponca City. (Waosage walikuwa wamejihifadhia haki ya madini ya nchi yao, wakatajirika, na katika miaka hiyo ya 1920 wengi wao waliuawa kwa risasi, kwa sumu na kwa mabomu na watu waliotaka kurithi haki hizo, wengine wakiwa wakwe zao na walezi wao wa kisheria. Marland hakuwa na mkono katika mauaji hayo. Tunayataja ili msomaji ajue hewa iliyovutwa katika wilaya zile wakati ule.) Inasemekana kwamba katika kilele chake kampuni ya Marland ilishika sehemu ya kumi ya mafuta yote ya dunia. Ponca City, mji wa wakulima wa ngano, ukajaa wahandisi, wanajiolojia, mafundi na maduka.

Na hapa ndipo joho la tajiri mpumbavu linapokataa kumkaa. Marland alitoa. Wafanyakazi wake walilipwa vizuri kuliko ilivyokuwa desturi, wakapata matibabu bila malipo, hata ya meno, jambo ambalo kwa mfanyakazi wa visimani wakati ule lilikuwa kama hadithi. Aliwasaidia kujenga nyumba zao wenyewe. Alitoa fedha kwa hospitali, kwa shule, kwa makanisa. Bustani za nyumba yake ya kwanza mjini, yenye vyumba 22, zilikuwa wazi kwa watu kuingia na kutembea. Aliwafundisha watu wa nyika mchezo wa polo, akaleta mbweha kutoka Pennsylvania ili watu wawinde kama mabwana wa Uingereza. Hilo la mbweha linatuchekesha kidogo, maana Oklahoma haikuwa na upungufu wa wanyama wa kuwindwa. Lakini si tabia ya bahili. Maghala yake yalikuwa na milango wazi.

Mwaka 1925 akaanza kujenga nyumba ya pili. Alikuwa amesafiri Italia, akaliona jumba la kale la Davanzati huko Florence, akataka lake lifanane nalo. Msanifu alikuwa John Duncan Forsyth. Mawe ya chokaa yalichimbwa palepale kiwanjani. Jumba lilipokamilika mwaka 1928 lilikuwa na vyumba 55: vyumba vya kulala 10, bafu 12, majiko 3, sehemu 7 za kuota moto, ukumbi wa dansi wenye dari ya dhahabu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi, na taa kubwa za vioo zinazoning'inia. Mchoraji Vincent Margliotti alipaka dari kwa mkono. Kwa kuwa pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini kote, kulikuwa na chumba cha siri cha kuifichia. Nje kulikuwa na maziwa ya kuchimbwa, bwawa la kuogelea, uwanja wa polo, nyumba ya msanii, na sanamu za mawe zilizochongwa na Jo Davidson: ya Marland mwenyewe, na za watoto wake wawili, George na Lydie.

Watoto hao hawakuwa wa kuzaa. Walikuwa watoto wa dada wa mkewe, Virginia. Marland na Virginia hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1916 wakawaasili wale wawili. Virginia akafa mwaka 1926, ujenzi ukiendelea, asiingie kamwe katika nyumba ile kama mama mwenye nyumba. Miaka miwili baadaye Marland aliiomba mahakama ifute uasili wa Lydie, kisha akamwoa, yeye akiwa na miaka 54 na Lydie 28. Mbele ya sheria hapakuwa na kizuizi, wala hawakuwa damu moja. Magazeti ya nchi nzima yalishangilia kashfa. Sisi hatuna hamu ya kuwahukumu wafu, lakini hatutajifanya hatukuona. Binti aliyeingia nyumbani kama mtoto alibadilishiwa cheo kwa hati mbili za mahakama, na kila tunaposoma habari zake tunaona kwamba hakuna aliyewahi kuandika kwa uhakika yeye mwenyewe alitaka nini.

Harusi ilikuwa mwezi Julai 1928. Kabla mwaka huo haujaisha Marland alikuwa amepoteza kampuni yake.

Aliipotezaje? Si kwa wizi, wala si kwa visima kukauka. Kwa mkopo. Ili kupanua kampuni alihitaji fedha nyingi, na benki ya J. P. Morgan ya New York ilimpa, ikachukua hisa, kisha viti katika bodi, kisha sauti kubwa zaidi katika bodi. Marland aliendelea kutumia kama mwenye shamba wakati shamba lilikuwa limekwisha kuhamia mikono mingine. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye habari alizipata, ila zilikuja zimechelewa. Mwaka 1928 akaondolewa katika uongozi. Mwaka 1929 kampuni ikaunganishwa na Continental Oil, ambayo watu waliijua baadaye kwa jina la Conoco, na pembetatu nyekundu aliyoibuni Marland ikaendelea kuning'inia juu ya vituo vya mafuta, sasa ikiwa na jina jingine ndani yake.

Sisi tunaona hapa jambo ambalo mahubiri yetu juu ya mali hayaligusi mara nyingi. Huwa tunauliza kama mtu ametoa au hakutoa. Tunamsifu mtoaji, tunasoma jina lake mbele ya usharika, tunampa kiti cha mbele siku ya harambee. Mara chache tunauliza alichotoa kilikuwa cha nani. Ukarimu wa Marland ulikuwa wa kweli. Wale waliotibiwa meno walitibiwa kweli. Lakini sehemu moja ya ukarimu ule ilikuwa fedha ya benki, na nyuma ya benki kulikuwa na kilima ambacho wenyewe walikitoa kwa shingo upande. Mfalme Daudi alipotaka kiwanja cha kupuria cha Arauna ili ajenge madhabahu, Arauna alikuwa tayari kumpa bure, na ng'ombe juu. Daudi akakataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Akalipa. Tungependa kumwuliza Marland kama aliwahi kusikia habari ile ikisomwa, lakini tunaona afadhali tuanze kuulizana sisi wenyewe.

Maana jambo la makaburi na mafuta halipo ng'ambo tu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani karibu na Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na njia yake imepita katika mashamba, katika vijiji, na mahali pengine juu ya makaburi ambayo ilibidi yahamishwe. Familia zilikaa chini ya miti zikijadiliana fidia ya kaburi la babu ni kiasi gani, na tambiko gani au ibada gani ifanywe, na nani aitwe. Wachungaji na mapadre wetu waliitwa pia. Hakuna kozi ya chuo cha theolojia inayomwandaa mtu kwa siku hiyo. Ndiyo maana tunasema habari ya Ibrahimu na pango la Makpela ingefaa kusomwa polepole zaidi kuliko tunavyoisoma.

Turudi Ponca City. Baada ya kuanguka, Marland na Lydie hawakuweza tena kuendesha jumba. Gharama za taa na joto peke yake ziliwashinda. Walikuwa wamekaa humo muda mfupi tu. Wakahamia katika ile nyumba ya msanii iliyokuwa kiwanjani, jumba wakalifungua siku za sherehe. Ulikuwa kama mtu kupanga chumba cha uani katika nyumba yake mwenyewe.

Hakujifungia kulia. Mwaka 1932 alichaguliwa kwenda Bunge la Marekani, na mwaka 1934 kuwa gavana wa Oklahoma. Alikuwa tajiri wa zamani aliyesimama majukwaani katika miaka ya njaa na kuwashambulia mabenki, na watu walimwamini kwa kuwa walijua yaliyompata. Alishiriki kuanzisha mapatano ya majimbo ya kuhifadhi mafuta yasichimbwe hovyo, mwaka 1935. Aligombea useneta mara mbili akashindwa. Na ile ahadi aliyoitoa siku za neema, ya kusimamisha sanamu ya mwanamke mlowezi akiwa amemshika mkono mwanawe, aliitimiza: ilizinduliwa tarehe 22 Aprili 1930, Rais Herbert Hoover akihutubia kwa redio, wakati mlipaji alikuwa tayari hana kampuni. Sanamu ipo hadi leo.

Kisha zikaja karatasi za 1941.

Wakarmeli walikaa humo mpaka 1948, wakaiuza kwa dola 50,000 kwa masista wa shirika la Mtakatifu Feliksi. Na sisi tunapenda sana kipande hiki cha historia, ingawa hakuna aliyekipanga. Masista hawa walianza Warsaw, Poland, mwaka 1855, pale Sophia Truszkowska alipoanza kukusanya watoto yatima na wazee wasio na makao. Aliwapeleka watoto kusali mbele ya sanamu ya Feliksi wa Cantalice, na watu wakawaita masista wa Feliksi. Feliksi huyo alikuwa nani? Bradha Mkapuchini wa karne ya 16, mtoto wa wakulima, asiyejua kusoma, ambaye kwa miaka karibu 40 alizunguka mitaa ya Roma na mfuko begani akiwaombea ndugu zake mkate. Kila alipopewa alisema ashukuriwe Mungu. Na aliponyimwa alisema vilevile, hata watoto wa mitaani wakamtania kwa salamu hiyo.

Basi jumba lililoigwa kutoka Florence, lenye bafu 12, likawa la mabinti wa ombaomba. Waliliita Villa ya Kupalizwa. Walijenga kanisa dogo na majengo mengine kandokando, wakafundisha, wakawalea wasichana waliotaka kuingia utawani. Ukumbi ambao wageni wa polo walicheza dansi usiku kucha ukasikia hatua laini za watu wanaokwenda kusali kabla ya mapambazuko. Kwa miaka 27 nyumba ilipata kitu ambacho mjenzi wake hakuwahi kuipa: watu wa kutosha kuijaza, na kazi ya kufanya kila siku.

Tunaandika hivi huku tukijichunga. Ni rahisi mtu wa kanisa kufika hapa na kusema, mmeona, Mungu amegeuza, nyumba ya anasa imekuwa nyumba ya sala, kila kitu kimekaa sawa. Masista waliishi vizuri humo na kazi yao ilikuwa njema. Lakini sala zao hazikurudisha kilima, wala hawakudai hivyo. Wao pia walilipa kile walichoombwa na wakakabidhi nyumba walipomaliza.

Walikabidhi mwaka 1975. Mji wa Ponca City uliinunua kwa dola 1,435,000, nusu ikitolewa na Conoco, ile kampuni iliyozaliwa kutokana na anguko la Marland. Raia walipiga kura kukubali kodi ya kuchangia nusu yao. Na katika mwaka uleule alirudi Lydie.

Habari zake baada ya kufiwa zinahuzunisha. Alibaki peke yake katika nyumba ndogo kiwanjani, watawa wakiishi katika jumba. Akaacha kuonana na watu. Mwaka 1953 aliingia katika gari lake na kuondoka, akapotea miaka 22. Kabla ya kuondoka alimwomba fundi wa mawe aivunje ile sanamu yake iliyochongwa na Davidson, na aanze na uso. Fundi aliivunja, vipande akavifukia. Aliporudi mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa miaka 75, amechakaa. Watu wa mji walikuwa wakijadili kama jumba linastahili kununuliwa, naye akawaandikia barua akiwasihi walihifadhi kwa sababu ya uzuri wake. Mtu aliyetaka sura yake mwenyewe isionekane tena aliomba nyumba ionekane. Alipewa kibanda cha dereva wa zamani, akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Baadaye vile vipande vya sanamu vilifukuliwa, vikaunganishwa, na leo Lydie wa mawe amesimama ndani ya jumba, karibu na mlango, akipokea watalii.

Wanaofika Ponca City siku hizi wana mengi ya kutazama. Wanapanda ngazi za jumba, wanainua macho kutazama dari, wanaonyeshwa chumba cha kufichia pombe na kucheka. Wanakwenda kwenye sanamu ya mwanamke mlowezi. Na tangu mwaka 1996, kusini mwa mji, wanakuta sanamu nyingine ya shaba, yenye urefu wa futi 22, kazi ya Oreland Joe: ni Standing Bear, baba aliyebeba mifupa. Ukiendelea na barabara kuelekea kusini utafika kijiji kiitwacho White Eagle. Waponca wapo hapo mpaka sasa. Kila mwezi Agosti hukusanyika kucheza ngoma zao, watoto wakiwa wamevaa manyoya na njuga, na wazee wakiwa wameketi pembeni juu ya viti vya kukunja, wakiwaangalia.